Daftari la Tuko Wazima

Kahindo,

Saa sita imefika, kapita, msimamizi wetu, ametuachia tule, na mimi nimekaa juu ya rundo la mawe niliyoyaponda tangu asubuhi, daftari jipya likiwa magotini. Wenzangu wananicheka. Wamezoea kuniona na nyundo, hawajazoea kuniona na biki. Ukikuta vumbi jeusi kati ya kurasa, ni la hapa.

Kesho asubuhi unaondoka. Mambo ya nguo, ya karatasi za mpakani, ya kutosinzia ndani ya basi mfuko ukiwa mbali nawe, mama yako amekwisha kukuambia, na atakuambia tena mpaka gari liwashe moto. Mimi sina la kuongeza hapo. Nina jambo moja tu, nimelibeba miaka sita, na juzi nilimwambia mama yako kwa mara ya kwanza. Aliendelea kuchambua majani ya sombe bila kuniangalia. Halafu akasema, "Umuandikie. Ukimuambia kwa mudomo utajitetea."

Ananijua. Kwa hiyo ninaandika. Ukiona mahali nimeanza kujitetea humu ndani, pita juu yake, hapo si mimi mwenye kusema kweli.

Huko Kampala atakayekupokea ni Mwalimu Kambale. Utalala chini ya paa lake, utakula na mke wake na watoto wake, na yeye ndiye aliyekutafutia nafasi katika hiyo shule ya kuandika programu. Kuna kitu lazima ukijue kabla hujaketi kwenye meza hiyo. Nitaanza mbali kidogo, kwa sababu nikianza karibu nitakimbia.

Unakumbuka tulivyofika kambi ya Kanyaruchinya. Tulitoka Kiwanja kwa miguu, tukapita Rumangabo mvua ikinyesha, na tulipofika Kibati mtu mmoja alituazima simu yenye salio la ujumbe mmoja. Nyanya yako alikuwa Butembo, hajui kama tuko hai. Nikakupa wewe simu ubonyeze. Ulikuwa na miaka tisa. Uliuliza, "Niandike nini?" Nikasema, andika tuko wazima. Ilikuwa habari fupi kuliko zote, na haikuwa kweli sana. Mama yako alikuwa na homa, nyumba tuliiacha wazi na maharage yakiwa hayajavunwa. Lakini uliandika, na nyanya yako alilia kwa furaha.

Mwalimu Kambale alikuja kambini miaka minne baadaye, mkimbizi kama sisi, na mzigo wake wote ulikuwa kompyuta moja ya kufunika na kibao cha umeme wa jua kikubwa kama sinia. Alipiga hema la buluu kando ya tanki la maji, akakusanya watoto. Watoto ishirini, mashine moja. Kila mtoto alipata dakika kumi kwa juma, na siku ya mawingu hakupata hata hizo. Ndiyo sababu aliwafundisha kuandika kila kitu kwanza katika daftari, mkikagua kwa jicho, mkifuta, mkiandika upya, ili zamu ikifika usipoteze hata dakika. Nimeponda mawe maisha yangu yote na sijaona mtu akijiandaa kwa kazi namna mlivyojiandaa kwa zile dakika kumi.

Na wakati mashine iko kwa wengine, mlicheza mchezo wa mashine. Mtoto mmoja anakuwa mashine, mwingine anamwagiza, na mashine haifanyi ila lile lililosemwa. Jioni ulinifanya mimi mashine. Ulisimama mlangoni mwa hema na daftari lako, unasoma kwa sauti ya mkubwa wa kazi.

"Simama. Tembea mbele. Chukua kikombe."

Nikatembea mbele, nikapita kikombe, nikaenda nikagonga mti wa katikati unaoshika hema, na turubai lote likatikisika. Mama yako akapiga kelele. Mimi nikacheka.

"Papa, mashine haichekake. Ukicheka tunaanza tena."

"Basi kwa nini hukuniambia nisimame?"

"Sikuandika," ulisema, na uso wako ukabadilika, ukakaa chini kusahihisha. "Kosa ni yangu. Mashine haikosee, ni mwenye kuandika."

Nililipenda neno lile siku ile. Sikujua kwamba litanirudia.

Kisha ikaja ile programu ya kwanza. Mwalimu aliwaambia kwamba kila mtu anayejifunza lugha mpya ya mashine, popote duniani, anaanza na jambo lilelile dogo, kuifanya mashine iseme neno moja. Wengi huifanya isalimie dunia. Ninyi aliwaacha mchague. Mtoto wa jirani aliandika jina la timu yake ya mpira. Wewe uliandika Tuko wazima.

Na hukuandika mara moja. Mwalimu alikuwa anajua lugha nne, na wewe ulitaka zote nne. Ulinikalisha ukanionyesha kama ninyi ndio wakubwa na sisi ndio tunaingia mwaka wa kwanza. Ya kwanza, Python, ilikuwa mstari mmoja, nao naujua mpaka leo:

print("Tuko wazima")

Ya pili, Pascal, ulisema ni kama katekista anayeongoza sala, inatangaza kwamba inaanza, inasema neno lake, inatangaza kwamba imekwisha, na mwisho kabisa nukta, kama Amina. Ya tatu, C, ilikuwa na mabano yenye kiuno kama nyigu, na kila sentensi lazima ifungwe kwa nukta na mkato, la sivyo mashine inakataa yote. Ya nne ilikuwa Java, na hiyo ilinichekesha, kwa sababu kabla ya kusema maneno mawili ilitaka ujitaje, utaje kalasi yako, utaje kama uko wazi kwa watu wote au umefichwa, utaje kama kuna jibu utaleta. Nikakuambia hiyo nimeshaijua, hiyo ni ofisi ya serikali ya komini. Ulicheka mpaka ukalala chini.

Kisha ukaniambia jambo moja ambalo nimeliwaza kuliko yote. Ulisema mashine ikikataa inakuonyesha mstari wenye kosa, lakini Mwalimu amewafundisha kutoiamini sana, hasa kwenye hiyo lugha ya nukta na mkato. Inakuambia kosa liko mstari wa tano, unautazama wa tano, uko sawa kabisa. Kosa liko mstari wa juu yake. Ulisahau kuufunga, na mashine ikagundua ilipokwisha kupita.

Sasa nakuja karibu.

Ulikuwa umeniambia kuhusu daftari lako, "Papa, kaye yangu isitoke ku nyumba." Ulisema mara moja, kwa adabu, ukijua kwamba nimesikia. Nilisikia. Asubuhi moja, wewe ukiwa bombani, nililitia daftari lako katika mfuko wangu wa kazi, chini ya nyundo. Sikuwa na haja nalo. Nilitaka kuringa. Hapa kwenye mawe hakuna anayejua kwamba nilikuwa na shamba, kwamba nilikuwa na nyumba ya mabati, wote tunafanana kwa vumbi. Nilitaka wajue kwamba nina mtoto wa namna gani.

Nikawaonyesha saa ya kula. Wakapokezana kurasa kwa vidole vyao vya vumbi.

"Paluku, mutoto wako anaandika Kichina?"

"Iko kama kuku imepita mu matope."

"Hapana, wacha. Mutoto anazungumuza na mashine, papa yake anazungumuza na mawe. Sasa kati yao nani anajibiwa?"

Tulicheka wote. Nilirudi jioni kifua mbele, mjinga mwenye furaha.

Siku ile wenye bunduki walikuwa wamefunga barabara kwa bariera kabla ya kufika kambini. Sitaandika walikuwa wa upande gani. Kwenye barabara ile pande zimebadilishana mara nyingi, na mimi nimekuwa upande uleule wa kusimama na kufungua mfuko. Walikuwa watatu. Mmoja, kijana anayeweza kuwa mwanangu, akavuta daftari.

"Muzee, hii ni nini?"

"Ni kaye ya masomo, afande."

Akafungua. Akasoma kwa shida, kidole kinafuata mstari. "Tuko wazima. Tuko wazima. Tuko wazima. Banani muko wazima? Munaambia nani?"

"Wanaambia mashine, afande."

Mwenzake aliyekuwa amekaa akasimama. "Mashine gani? Fonia?"

Fonia ndiyo redio yao ya kuongea msituni. Hapo nilielewa nilichofanya. Kwao zile alama zote, yale mabano na zile nukta, zilikuwa maneno ya siri, na Tuko wazima ilikuwa salamu ya watu waliojificha mahali, wakiwajulisha wenzao. Mtu asiyeishi huku ataona ni upuuzi. Wewe unajua watu wamepotea kwa karatasi ndogo kuliko ile.

"Ni wewe uliandika?"

Nikasema, "Hapana, afande. Mimi niliishia mwaka wa tano wa primeri." Maisha yangu yote nimeona haya kwa kutosoma, na siku ile nilijificha nyuma yake kama mtoto nyuma ya mama.

"Nani basi?"

Mama yako aliposikia habari hii alisema, ulikuwa unamkinga mtoto. Ningependa uamini hivyo. Ni kweli kwamba nisingetaja jina lako hata kwa risasi. Lakini umeniomba siku zote nikuambie kweli, na kweli ni kwamba wakati ule sikuwa ninakuwaza wewe. Nilikuwa ninauwaza mgongo wangu. Nilipokuwa mdogo, katika vita vingine, nilimwona baba yangu akiulizwa barabarani redio aliyoshika ni ya nani. Alinyamaza. Walimpiga mbele yangu, na hakusimama wima tena mpaka tunamzika. Kila mtu pale nyumbani alijifunza kwamba baba yetu alikuwa mwanaume. Mimi nilijifunza kwamba angesema tu jina tungerudi nyumbani kula.

Kwa hiyo nilisema. "Ni mwalimu. Mwalimu Kambale, hema ya buluu, pembeni ya tanki ya maji."

Angalia hapo, Kahindo. Waliniuliza nani. Hema hawakuliuliza. Hema niliwaongezea mwenyewe.

Wakachana ukurasa mmoja wakaweka mfukoni, wakanirudishia daftari, wakaniambia nipite. Njia iliyobaki niliikimbia, mtu mzima, na nyundo inanigonga mgongoni. Sikupita kwa Mwalimu. Ningeweza. Tanki la maji liko njiani, ningepitisha kichwa hemani nikasema toka usiku huu, nenda popote. Nilizunguka nyuma ya mahema ili asinione. Nikaingia kwetu, ninyi mlikuwa misa ya jioni, nikalichoma daftari lako katika jiko la mbabula, ukurasa baada ya ukurasa, kwa sababu lote kwa pamoja halikutaka kushika moto. Ulipouliza nikasema vijana wamenipora mfuko. Ulinipa pole. Uliniuliza kama wameniumiza.

Yaliyofuata unayajua, ila ulikuwa hujui yalianzia wapi. Walimchukua alfajiri, yeye na mashine na kibao cha jua. Ulikaa siku tisa bila kula vizuri. Siku ya kumi alirudi akitembea kama aliyekanyaga misumari, na vidole viwili vya mkono wa kushoto vimevunjika, haviji mbele wala nyuma.

Hili sasa hujalijua. Nilikutana naye bombani kabla hajaondoka kwenda Uganda. Nilitaka kugeuka, akaniita.

"Papa Kahindo."

"Mwalimu. Pole."

"Asante. Walinionyesha ukurasa mmoja," alisema taratibu, kama anayesoma orodha. "Niliujua mwandiko. Waliniuliza, nikasema ni wangu."

Nikasubiri aseme jingine. Aliinua ndoo yake kwa mkono mzima, akaniambia nisalimie nyumbani, akaenda.

Miaka sita nimeyageuza maneno yale. Pengine aliamini lile daftari liliporwa pamoja na mfuko, kama nilivyowaambia watu. Pengine alijua tangu siku ya kwanza, maana waliokuja kumchukua walikwenda moja kwa moja kwenye hema la buluu. Nililolielewa ni hili: mimi niliulizwa nikiwa nimesimama, hata kofi sijapigwa, nikatoa jina na hema. Yeye aliulizwa siku tisa, na jina la mtoto wa miaka kumi na tatu lilikuwa mdomoni mwake, akalimeza.

Na kulikuwa na Mama Zawadi, jirani yetu muuza makala, makaa ya kupikia. Alikuwa amegombana na Mwalimu kwa sababu watoto walikanyaga magunia yake wakisubiri zamu, basi kambi nzima ikasema ni yeye aliyemchongea. Wanawake wakaacha kununua kwake. Mtu akamwagia magunia yake maji. Wewe ulimpenda, alikuwa anakupa kipande cha mhogo kila ulipopita, na wewe pia ukaanza kumpita bila salamu. Mama yako alikukaripia. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale ninanoa patasi, nikaendelea kunoa. Mwisho alifunga vitu vyake akaenda upande wa Sake na watoto wake wawili. Nimemuulizia kwa wauza makala wa kila soko hapa Goma. Hakuna anayemjua. Watu wote walikuwa wanautazama mstari wa tano, binti yangu, na mimi nilikuwa wa juu yake, nimenyamaza.

Ningelisema wiki ile ile, lingekuwa kosa la wiki moja. Ungenichukia, Mama Zawadi angebaki na biashara yake. Kila mwaka nilipojiambia kwamba limekwisha kupoa, lilikuwa limekula mtu mwingine. Hilo ndilo ninaloweza kukupa kama busara, na limenigharimu kulipata, na sioni kwamba limenifanya mtu bora. Limenifanya tu mtu aliyechoka.

Wewe hukuacha. Uliazima simu, ukajifunzia katika ukumbi wa parokia, ukarudi kwenye daftari jingine ukaandika zile nne tena, na nyingine tatu ambazo sizijui majina. Niliziona. Katika zote hukuandika tena Tuko wazima. Uliandika jina lako tu. Sikuuliza kwa nini. Nilijua, kuliko ulivyojua wewe.

Mwezi uliopita Mwalimu alipopiga simu kusema kwamba nafasi ipo, ulirukaruka, na mama yako akapiga magoti. Mimi nilitoka nje. Mlidhani ni furaha.

Kapita anatuita. Nimemwomba dakika kumi, amecheka, amesema Papa Paluku leo ni karani. Nimalize.

Kurasa hizi zichane vizuri, zisitawanyike. Ukifika kwake, atakukaribisha, mke wake ataleta maji. Kabla hujayanywa, mpe asome. Sijamwandikia yeye barua yake kwa sababu kila nikianza ninamkuta baba yangu na ile redio, na huo ni utetezi. Asome hii uliyosoma wewe. Akisema keti, keti. Akisema rudi, rudi, na usimchukie hata kidogo, wala usiniombee msamaha kwa machozi yako. Najua ninachoweka njiani. Ni shule yako, na ni kitu pekee kizuri kilichotufikia tangu Kiwanja. Nimewaza kukaa kimya miezi mingine mpaka uwe umemaliza. Lakini ungekuwa unakula kila siku mbele ya ule mkono, unamwona akibonyeza mashine kwa vidole vilivyobaki, na mimi nikiwa nimekulisha uongo wangu kwa kijiko chake.

Na ukishindwa kumpa, sitakuuliza. Katika ule mchezo mimi ndiye niliyekuwa mashine, wewe hukuwa kamwe.

Kurasa zilizobaki ni nyeupe. Zinafidia daftari moja, hazifidii jambo jingine lolote. Andika humo unachotaka mashine iseme. Usiandike Tuko wazima kwa kunifurahisha.

Siku ile waliuliza jina nikatoa la mtu mwingine. Hili hapa ndilo lililotakiwa.

Paluku, baba yako